MSALABA SHINGONI: JE, DINI YA KIKRISTO YAWALAZIMISHA WAFUASI WAKE KUUVAA?

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Yamekuwa mengi maswali ya wanafunzi wetu wa chuoni na wa madrasa, na ya wazee wao pia, juu ya msalaba ambao Wakristo huuvaa shingoni. Wako waulizao: Je, ni faradhi katika dini yao? Wako waulizao: Je, ni sanamu waiabuduyo? Na wako wasiouliza bali hutenda, na hao ndio walionifanya nishike kalamu. Kijana mmoja wa mtaani petu, aliyekwisha kuhitimu msahafu, alimvuta mwenziwe Mkristo mkufu wake walipokuwa njiani wakitoka shule. Mkufu ukakatika, na msalaba mdogo wa fedha ukaanguka mtaroni usionekane tena. Alipoulizwa alijibu kwamba amevunja sanamu, na kwamba hata hao wenyewe hawakuamrishwa na kitabu chao kuuvaa. Baba yake alilipa, lakini maneno ya kijana yalibaki vinywani mwa watoto wengine, wakiyasema kana kwamba ni ilimu. Basi yatupasa kuyapima, kwani ndani yake mna kweli kidogo, na ndiyo maana yamependeza.

Kwanza, itikadi yetu iko wazi, nayo haibadiliki. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 157, Mwenyezi Mungu ametujulisha kwamba Sayyidna Isa (a.s.) hakuuawa wala hakusulubiwa. Kwa hiyo msalaba kwetu sisi ni alama ya jambo ambalo halikuwa, wala hatuwezi kumwambia Mkristo auvae, maana tutakuwa tumeishuhudia itikadi yake. Lakini mwenye kutaka kusema juu ya dini ya watu, sharti aijue vile waijuavyo wenyewe. Imamu Ghazali, Mungu amrehemu, kabla ya kuwarudi wanafalsafa katika Tahafut, alitunga kwanza kitabu kizima cha kueleza madhehebu yao, Maqasid, wala hakuona kuwa amepoteza wakati. Nasi tufanye kama hivyo, japo kwa uchache.

Msalaba kabla ya kuwa pambo ulikuwa chombo cha kuulia. Warumi waliwasulubu watumwa, maharamia na walioasi dola yao, na hapakuwa na mauti ya aibu kuliko hayo; muungwana wa Kirumi akihukumiwa kufa aghalabu hukatwa kichwa. Ndiyo maana Wakristo wa kwanza hawakuikimbilia alama hii. Clement wa Iskandaria, mwalimu wao mkubwa wa miaka ya 200 hivi, alipowaeleza watu wake ni alama gani zifaazo kuchorwa juu ya pete za mhuri, aliwatajia njiwa, na samaki, na merikebu, na kinubi, na nanga; msalaba hakuutaja. Naye Tertullian wa Carthage, aliyeandika karibu na wakati huo huo, aeleza kwamba Wakristo wa zama zake walikuwa wakijichora alama ya msalaba kwa kidole katika paji la uso, wakitoka na wakiingia, wakila na wakilala. Hiyo ni ishara ya mkono isiyobaki, wala si kitu cha kuvaliwa.

Na miongoni mwa picha za kusulubiwa zilizo kongwe kabisa, iko moja ambayo hakuichora Mkristo bali mtu aliyewacheza shere. Imekwaruzwa ukutani huko Roma, katika kilima cha Palatine, nayo hukadiriwa kuwa ya miaka ya 200 hivi. Ni mtu msalabani mwenye kichwa cha punda, na mbele yake amesimama mwingine ameinua mkono, na maneno ya Kiyunani yasemayo kwamba Alexamenos ndivyo anavyomwabudu mungu wake. Aliyeichora hapana amjuaye jina. Jina lililobaki hata leo ni la yule aliyechekwa. Na wale waipendao sana mizaha ya namna hii chuoni mwetu na walifikiri jambo hilo.

Mambo yaligeuka baada ya Kaisari Constantine kushinda vita vyake karibu na Roma mwaka 312, akautukuza msalaba na kuufanya bendera ya askari wake. Hapo aibu ikawa fahari. Katika karne hiyo hiyo zikaenea khabari kwamba mti wenyewe umeonekana Yerusalemu, na vipande vyake vikachukuliwa huku na huku. Khabari iliyo wazi ya mtu aliyeuvaa ni ya Macrina, mwanamke mtawa, aliyefariki mwaka 379. Nduguye Gregory, askofu wa Nyssa, ameandika kwamba walipokuwa wakimtengeneza maiti waliona shingoni mwake uzi mwembamba wenye msalaba wa chuma na pete ya chuma, navyo alikuwa amevificha ndani ya nguo siku zote za uhai wake. Baada yake John Chrysostom, aliyekufa mwaka 407, ataja watu waliotia kipande cha mti huo katika dhahabu wakakivaa shingoni kwa kujipamba. Basi tangu zamani hizo utaona njia mbili: wa chuma uliofichwa, na wa dhahabu ulioonyeshwa. Njia hizo mbili hazijaacha kugombana.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Je, kitabu chao kimewaamrisha? Jawabu ni kwamba hakikuwaamrisha kuvaa. Injili walizo nazo zina maneno ya kumtaka mfuasi ajitwike msalaba wake kila siku, lakini wanavyuoni wao wenyewe huyafasiri kuwa ni kuvumilia mashaka na kuishinda nafsi, si kutundika kitu shingoni. Na Paulo katika barua yake kwa Wagalatia asema kwamba hana la kujivunia ila msalaba. Hayo nayo ni maneno ya itikadi, si ya mavazi. Kwa kiasi hicho kijana wetu alisema kweli.

Lakini dini za watu hazijengwi kwa maandiko peke yake. Katika kanisa la Urusi mtoto abatizwapo huvishwa msalaba mdogo, naye huambiwa asiuvue. Katika Uhabeshi mtoto hufungwa uzi shingoni siku ya ubatizo, waita mateb, na mtu akiuona hujua kwamba mwenye nao ni Mkristo. Wakibti wa Misri wengi huchanja msalaba kwa wino ndani ya kifundo cha mkono wa kuume, usioweza kuvuliwa. Maaskofu wa Kirumi huuvaa kifuani kuwa ni alama ya daraja yao. Ukimwambia mmoja wa hawa kwamba hayo hayamo katika kitabu, atakujibu kwamba ni mapokezi ya baba zake tangu karne nyingi. Nasi tunajua uzito wa neno hilo, kwani tunayo ya kwetu.

Na wapo Wakristo waukataao kwa ukali kuliko sisi. Walipoinuka watu wa matengenezo huko Ulaya, wengi wao waliishika amri ya Torati ya kutofanya sanamu wakaitumia juu ya msalaba pia. Katika Uingereza, mwaka 1603, wanavyuoni walioitwa Puritani walimpelekea mfalme mashtaka wakitaka mtoto asichorwe ishara ya msalaba wakati wa kubatizwa. Na mwaka 1643 msalaba mkubwa uliosimama katika njia ya Cheapside mjini London ulibomolewa kwa amri ya Bunge. Hao waliobomoa walikuwa Wakristo, na kila Jumapili walikwenda kanisani. Mashahidi wa Yehova, ambao huku kwetu hubisha hodi mlango hata mlango, walikuwa nao msalaba juu ya jarida lao mpaka mwaka 1931 walipouondoa. Wao husema kwamba neno la Kiyunani lililo katika Injili ni mti mmoja uliosimama, na kwamba alama hii ilitoka kwa wapagani. Haya si yetu kuyaamua. Nimeyataja ili ujue kwamba mtu asemaye "Wakristo wote wauabudu msalaba" hajasema kweli, na asemaye "hapana Mkristo auonaye kuwa ni lazima" naye hajasema kweli.

Iko khabari moja zaidi katika mlango huu ambayo hupenda kuwasomesha wanafunzi wakubwa. Maqrizi, mwanahistoria wa Misri aliyekufa mwaka 845 Hijria (1442), asimulia juu ya al-Hakim, mfalme wa Kifatimi aliyetawala Misri tangu 386 hata 411 Hijria (996–1021), ya kwamba aliwalazimisha Manasara wavae shingoni misalaba ya mti, urefu wake dhiraa moja na uzito wake ratili tano. Tazama ajabu hii: mfalme wa Kiislamu ndiye aliyeufanya msalaba kuwa lazima! Alitaka uwadhalilishe. Wengi walisilimu kwa kuchoka, na mwisho wa ufalme wake al-Hakim mwenyewe akawapa ruhusa ya kurudi katika dini yao, wakarudi. Ratili tano za mti hazikuingiza imani moyoni mwa mtu, na aya ya 256 ya Suratul-Baqara ilikwisha kutuambia kwamba hapana kulazimishana katika dini.

SWALI: Je, Mtume wetu (s.a.w.) hakumwamrisha mtu auvue msalaba?

JAWABU: Naam, imepokewa. Tirmidhi ametoa kwa njia ya Adi bin Hatim, ambaye alikuwa Mnasara katika kabila ya Tayy, ya kwamba alimwendea Mtume (s.a.w.) na shingoni mwake mna msalaba wa dhahabu, akaamrishwa alitupe sanamu lile. Tirmidhi mwenyewe ameiita hadithi hii gharibu na kumtaja mmoja wa wapokezi wake kuwa hajulikani katika hadithi. Lakini tukiichukua kama ilivyo, tazama ni nani aliyeambiwa. Ni mtu aliyekuja kwa miguu yake, mwenye kuukaribia Uislamu, naye akasilimu. Hakuvutwa mkufu njiani. Na wajumbe wa Najran, waliokuwa Manasara na viongozi wao wa dini pamoja nao, walipofika Madina walijadiliana na Mtume katika jambo hili hili la Sayyidna Isa, na Ibn Is-haq amepokea kwamba wakati wa sala yao ulipofika waliachwa wakasali msikitini wakielekea mashariki. Wakaondoka na dini yao na mkataba wa amani mikononi mwao.

Bukhari naye amepokea kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa haachi nyumbani mwake kitu chenye sura ya msalaba ila huivunja sura hiyo. Neno lililobeba hukumu hapa ni "nyumbani mwake". Kila mmoja wetu na aisafishe nyumba yake. Ama ile hadithi mashuhuri ya kwamba Isa bin Maryam atashuka na kuuvunja msalaba, hiyo ni kazi aliyowekewa Isa (a.s.), wala sijaona kitabu kilichowapa uwakala watoto wa darasa la sita.

Wako watakaosema kwamba katika vitabu vyetu vya fiqhi imeandikwa kwamba dhimmi huzuiwa asiudhihirishe msalaba katika miji ya Waislamu. Ni kweli, imeandikwa, katika mlango wa jizya. Lakini masharti hayo ni baina ya Imamu na watu waliofunga naye ahadi, mwenye kuyasimamia ni mtawala, na badala yake watu hao wana ulinzi wa damu zao na mali zao na makanisa yao. Katika nchi zetu za leo ahadi hiyo haipo. Mkristo na Muislamu wote ni raia chini ya sheria moja, na tumeingia katika amani hiyo kwa hiari yetu. Mwenye kuchukua sharti moja la ahadi isiyokuwapo akaliacha lililobaki, amecheza na fiqhi. Tena Imamu wetu Shafi'i katika Al-Umm ametofautisha baina ya sura ya msalaba na kile kilichofanyiwa: sura haina thamani kwetu, lakini dhahabu na fedha na mti ni mali ya mwenyewe. Kwa hiyo baba aliyelipa alifanya sawa. Na juu ya matusi, aya ya 108 ya Suratul-An'am yatosha: tumekatazwa kuwatukana wanaoombwa badala ya Mwenyezi Mungu, wasije wakamtukana Mungu kwa uadui bila ya ilimu. Basi mwenye kuutemea mate msalaba wa jirani amefungua mlango wa jirani kumtukana Mola wake, na dhambi ya kuufungua ni yake.

Limebaki lile neno la pili la kijana, kwamba "hawakuamrishwa kuuvaa", na hili ndilo ninalolihofia kuliko yote, kwani ni upanga ukatao pande mbili. Nitakueleza kwa kisa kilichotokea Uingereza.

Alikuwako mwanamke Mkibti, Nadia Eweida, aliyekulia Misri, akifanya kazi ya kupokea abiria katika shirika la ndege la British Airways. Sharti la mavazi ya kazi lilikuwa kwamba kitu cha dini kifichwe ndani ya nguo, ila kile kisichoweza kufichwa nacho ni lazima katika dini. Kwa sababu hiyo Masingasinga waliruhusiwa vilemba, na wanawake wa Kiislamu waliruhusiwa mitandio. Mwaka 2006 alianza kuuvaa msalaba wake mdogo nje ya nguo, na mwezi wa Septemba alirudishwa nyumbani bila ya mshahara. Alipewa kazi ya ofisini isiyotaka sare, akaikataa. Mwezi wa Februari 2007 shirika lilibadili sharti, akarudi kazini. Lakini mshahara uliopotea hakulipwa, na mahkama za Uingereza zilimshinda. Akaipeleka daawa yake katika Mahkama ya Ulaya ya Haki za Binadamu huko Strasbourg. Serikali ya Uingereza ilisema maneno yale yale ya kijana wetu: kwamba kuuvaa msalaba wazi si jambo lililolazimishwa na dini ya Kikristo. Tarehe 15 Januari 2013 mahkama ilitoa hukumu, makadhi watano dhidi ya wawili, kwamba mtu halazimiki kuthibitisha kuwa kitendo chake ni faradhi katika dini yake. Yatosha kiwe kimefungamana na imani yake kweli kweli. Akapewa haki. Siku hiyo hiyo muuguzi mmoja aliyetaka kuuvaa msalaba wa mkufu hospitalini alishindwa, si kwa ajili ya dini, bali kwa kuwa yakhofiwa mgonjwa asije akauvuta mkufu, au msalaba ukagusa jeraha.

Sasa sikiliza, ewe mwenye watoto. Kule Ufaransa sheria ya tarehe 15 Machi 2004 imekataza katika shule za serikali alama za dini zilizo dhahiri: ushungi wa msichana wa Kiislamu, kofia ya Myahudi, na msalaba mkubwa, msalaba mdogo umeachwa. Na mahkama ile ile ya Strasbourg mwaka 2005 ilimkatalia Leyla Şahin, mwanafunzi wa utabibu wa Kituruki, kuvaa ushungi katika chuo kikuu. Ushungi kwetu ni faradhi, na juu ya faradhi twaweza kusimama na dalili. Lakini je, kofia ya mwanao? Kanzu yake? Ndevu za kaka yake? Tasbihi iliyo mkononi mwa mama yake? Haya ni sunna, au ni ada njema tu. Likithibiti neno kwamba "kisicho faradhi kwenu chaweza kuzuiwa", basi sisi tutapoteza zaidi kuliko wao, kwa sababu mema mengi ya Muislamu yamo katika sunna. Kwa hiyo yule mwanamke aliposhinda, aliushindia msalaba ambao sisi hatuuamini, na papo hapo aliishindia kofia ya mtoto wako.

Iko sababu nyingine ya kutotupia watu mawe katika jambo hili. Wakristo wengine, ukiwauliza, huuvaa msalaba ili uwakinge na shetani na kijicho, na mapadri wao wenyewe huwakaripia kwa hilo, wakisema kwamba kinga ni kwa Mungu si kwa chuma. Haya, hebu tutazame hirizi zilizo shingoni mwa watoto wetu. Wanavyuoni wa madhehebu yetu wameruhusu hirizi iliyoandikwa Kurani na majina ya Mwenyezi Mungu, ikihifadhiwa na najisi, na mwenye kuivaa akiitakidi kwamba mwenye kunufaisha ni Mungu peke yake. Je, ni wangapi huku mitaani wenye itikadi hiyo? Nimeona hirizi zilizoshonwa ndani yake herufi zisizosomeka na majina yasiyojulikana, na mwenye kuivaa halali usiku ikipotea, ilhali sala ya alfajiri humpita naye akalala. Mtu huyo hana ulimi wa kumcheka mwenye msalaba.

SWALI: Mwanangu asoma katika shule ya misheni, na sare yake ina beji yenye msalaba iliyoshonwa kifuani. Afanyeje?

JAWABU: Muislamu hakuruhusiwa kuvaa kwa hiari yake alama iliyo makhsusi ya dini nyingine, na msalaba ndio wa kwanza katika hizo. Lakini mtoto asiibandue beji kwa wembe, wala asiipake wino darasani, kwani nguo hiyo ina sharti aliloliweka mwenye shule na mzazi akalikubali alipomwandikisha. Aende baba mwenyewe kwa mwalimu mkuu, au mama ikiwa ndiye mlezi, kwa adabu na kwa barua iliyoandikwa vizuri, aombe mwanawe avae shati lisilo na beji au lenye jina la shule tu. Aseme kwamba ni jambo la imani yake. Asianze kubishana kama Isa alisulubiwa au hakusulubiwa. Hapo si mahali pake, na mwalimu mkuu hana uwezo wa kuyaamua hayo. Akikataliwa, ajaribu tena pamoja na wazazi wenziwe. Akikataliwa kabisa na akapata shule nyingine iliyo sawa kwa masomo na kwa karo, amhamishe. Na asipopata, basi mtoto huyo yuko katika dharura, moyo wake ukiwa umetulia juu ya imani, na avae nje ya shule nguo zake za kawaida. Na kila Jumamosi na Jumapili aletwe madrasa ili ajue kwa nini Waislamu hawavai.